Siku moja kaunta, na mzee wa ndoo

Watu wakisikia nauza vifaa vya kujazia risasi wanadhani nashinda nalenga shabaha mchana kutwa. Jamani. Mimi nashinda na kalipa (kile kipimo cha urefu chenye meno) mkononi na unga wa brasi kwenye kucha, mara ya mwisho kufyatua kitu hata sikumbuki. Kaunta yangu ni ile ya nyuma kabisa, ya presi, dai (kalibu ya kubania ganda lirudi umbo lake), mizani ya baruti na hizi mashine za kukatia maganda ya risasi yaliyokwishapigwa, ambazo wateja wanaziita trima. Wanakuja walioruhusiwa kisheria kujaza risasi za raifo zao wenyewe nyumbani, na wengi wao wanakuja wamenuna. Sasa mnaoniulizaga "we hasa unafanya nini", hii hapa siku ya jana, nisiulizwe tena.

Saa 1 asubuhi. Nafungua, nafagia, nahesabu vitu vya kwenye kabati la kioo. Basi.

Saa 2. Simu tatu, swali moja: "Trima nzuri ni ipi?" Nami namuuliza mtu mawili tu, unakata maganda mangapi kwa mwezi na ya bunduki za aina ngapi. Wa kwanza ana .30-06 moja ya kuwindia, maganda 40 na hayo ni ya mwaka mzima. Nikamwambia achukue kale kadogo ka Lee kenye kijiti cha kupimia, fataki (kile kidude cha kitakoni cha kuwashia baruti) ikishatoka kijiti kinapita kwenye tundu lake kinagota chini, urefu umeshapangwa kiwandani, hamna skrubu ya kuzungusha, hamna cha kukosea. Akashangaa simsukumii mashine kubwa. Bosi naye angeshangaa, bahati nzuri hakuwepo.

Saa 3 akaja dada mmoja anayepiga mashindano ya masafa marefu, anajua anachotaka, kachukua Wilson, ile ambayo ganda unaligonga taratibu ndani ya kishikio chake linabanwa kiwiliwili, mdomo unakatika umenyooka kabisa. Dakika 6 kaondoka. Wateja wa hivi niletewe kila siku.

Saa 4 hivi ndo akaingia mzee na ndoo.

Ndoo ndogo ya rangi, imejaa maganda ya .308, nilikadiria kama 600 hivi. Akaitua juu ya kioo, kioo kikalia, nikasema shikamoo akaitikia marahaba bila kuniangalia. "Kijana, wiki iliyopita mmeniuzia takataka." Akatoa trima kwenye mfuko, ile ya kufunga kwenye drili, ganda unalisukumia kwenye bushi (tundu la chuma) linagotea begani, pale linapoanza kubana kuelekea shingoni, na kisu kinanyoa mdomo. Jina lake sitataja maana haikuwa na kosa, mtaona. Alafu akachagua maganda matano akayapanga mstari kama mashahidi. "Pima."

Sasa kwa wasiojua, ganda la .308 urefu wake usitakiwa kuzidi milimita 51.18, na ukikata unakata mpaka 50.93 ili libaki na pa kurefukia, maana kila likipigwa na kusaiziwa (kubanwa kwenye dai) linarefuka. Kwahiyo kazi yote hii ninayosimamia kutwa nzima ni robo ya milimita. Robo! Mtu anaweza kugombana na wewe asubuhi hadi mchana kwa kitu ambacho ukikidondosha hukioni.

Nikapima. La kwanza 50.86, la pili 51.09, la tatu 50.98, la nne 51.24. Akasema kalipa yangu mbovu, tutumie ya kwake. Sawa. Nikaifunga meno yake kabla ya kupima chochote, ikasoma 0.07. Nikayapangusa kwa kidole gumba kakatoka kauzi ka brasi kembamba kuliko unywele, nikafunga tena, 0.00. Nikamwonyesha kale kauzi kwenye ncha ya kidole. Akakapuliza kakapotea, kama vile hakajawahi kuwepo duniani.

"Haya, hata ukitoa hiyo 0.07 bado yanatofautiana," akasema, na hapo alikuwa na haki. Nikamuuliza, mzee unakata kabla ya kusaizi au baada?

"Nakata kwanza. Nikishasaizi nataka niwe nimemaliza."

Nilivuta pumzi, maana ugonjwa nimeshaujua ila dawa yake inatakiwa imezwe na mtu aliyeanza kujaza risasi kabla sijazaliwa (aliniambia hivo mara tatu). Nikaanza taratibu. Mzee, ganda likipigwa linavimba linajaa chemba (pale risasi inapokaa) ya bunduki iliyolipiga, na haya yako umeyaokota uwanjani, yametoka kwenye bunduki tofauti tofauti, kwahiyo kila moja bega lake limehamia pake. Trima yako haijui urefu wa ganda zima, inachojua ni kutoka begani mpaka mdomoni basi, bega likikaa mbele kidogo ganda zima linabaki refu na mashine imefanya kazi yake vizuri tu. Alafu ukija kulisaizi, dai linabana kiwiliwili, brasi haina pa kwenda inakimbilia shingoni, urefu unaongezeka tena. Ni kama kupunguza suruali kabla hujaifua.

"Kwahiyo mashine mbovu."

Nikaanza upya. Nadhani nilieleza mara nne, na kila nikifika mwisho anarudi palepale, basi nibadilishie. Nyuma yake walisimama watu wawili, mmoja akaangalia saa akaondoka, mwingine akaegemea kabati la mizani akaanza kusikiliza kama yuko kwenye mchezo wa kuigiza. Nikachukua lile la 51.24 nikamwambia hili ndo la kukuogopesha kuliko yote, limepita mwisho. Akacheka, "milimita 0.06 ndo unipigie kelele? Huo si unywele!" Nikamwambia unywele huo unaenda kugota pale chemba inapoanza kubana, mdomo wa ganda unakosa pa kufungukia, unaing'ang'ania risasi yenyewe, ile inayoruka, isitoke wakati baruti imeshawaka, presha inapanda, na shavu lako liko hapohapo juu ya kitako cha bunduki. Akanyamaza. Kama sekunde kumi hivi, nilizihesabu kwa furaha.

Alafu akaanza kuchagua mashine mpya. Akaonyesha ya kuzungusha kwa mkono, ile inayofanana na mashine ya kereza, Forster. Nikamwambia ni nzuri sana na nyumbani ninayo hiyohiyo, ila yenyewe inashika ukingo wa kitako kwa koleti (taya za kubania), na kwenye ndoo yako mna maganda ya viwanda vitano, kingo zao hazilingani unene, ukibana ovyo kila moja linakaa kivyake. Na ni mkono huo mzee, mara 600. Akaangalia kiganja chake. Basi akataka Giraud ya umeme, ile inayokata na kuchonga ukingo wa ndani na wa nje kwa mpigo mmoja. Nikamwambia hiyo ndo dawa ya ndoo kweli, ila kila aina ya risasi inataka kishikio chake, na yenyewe ikoje? Inagotea begani vilevile! Ukiendelea kukata kabla ya kusaizi utapata makosa yaleyale, ila haraka zaidi. Yule mtu wa kwenye kabati akacheka kwa sauti. Mzee akamgeukia, nikajua sasa tumeisha.

Ikabidi nitumie vitendo. Nikachota maganda kumi kwenye ndoo yake, nikayapaka kilainishi, nikayasaizi kwenye presi ya maonyesho, nikayafuta, nikafunga trima yake ileile kwenye drili ya duka. La kwanza 50.93. La pili 50.92. 50.93, 50.94, 50.93. Sikusema kitu, nayapanga tu kwenye kioo, mzee anapima nyuma yangu kwa kalipa yake. La nane: 51.01.

Moyo ulishuka hadi kwenye soli. Mzee hakusema neno, alinyanyua nyusi tu. Nikazima drili, nikamulika ndani ya bushi kwa tochi ya simu, kumbe kachembe ka brasi kameng'ang'ania pale bega linapokalia, ganda likawa haliingii mpaka mwisho. Nikakachokonoa kwa kijiti cha meno, nikapuliza, nikalirudisha ganda lilelile. 50.93. Hapo ndo nikamwona anasogea karibu, akaweka miwani vizuri, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "unapuliza kila baada ya mangapi?" Kila baada ya matano, mzee. Akaandika kwenye kikaratasi.

Kati ya yale kumi kulikuwa na moja lina mstari unaong'aa umelizunguka juu kidogo ya kitako. Nikanyoosha klipu ya karatasi, nikaikunja ncha, nikampa akwaruze kwa ndani. Akahisi ile mifereji. Brasi ya shingoni haitoki hewani, inavutwa kutoka huko chini, na hapo ukuta umeshakuwa mwembamba, siku moja ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Nikaliminya kwa koleo lisije likarudi ndooni. Akalalamika, bado zima hilo! Sikumjibu.

Mwisho nikamchongea ukingo wa yale tisa ndani na nje, maana kisu kinaacha makali ambayo yanakwangua risasi ukiisindilia, na ukipitisha kidole unakatika kweli. "Na hiyo nayo?" Na hiyo nayo mzee. Akaniangalia mikono muda mrefu. "Una mkono mwepesi wewe. Kumi umemaliza kwa dakika ngapi?" Nikajisikia raha, nikajibu kwa maringo kabisa, wala sikuona ninakopelekwa.

Alivoondoka ilikuwa imeshapita saa 7. Hajanunua kitu. Miguu haikuwa yangu.

Mchana sina la kusema. Nilikula nimesimama, likaja boksi la koleti na pailoti (vijiti vinavyoingia mdomoni mwa ganda) zimechanganyika, za .224 pamoja na za .308, nikakaa kuzitenganisha moja moja, katikati hapo simu ya mtu wa .45-70 anataka ile ya drili ya bega, nikamwambia kaka ganda lako limenyooka halina bega, itagotea wapi? Akakata simu. Akaja kijana mwingine akauliza kama hapa tunatengeneza bunduki. Kuna mwingine alitaka trima yenye haraka, ndogo, ya risasi zote, isiyopiga kelele, nikamwambia akiipata aniletee na mimi. Saa sijui 10, sijui 11, mgongo ulishaacha kunieleza.

Nafunga, nazima taa, napita nyuma ya kaunta kuchukua mkoba, nikajikwaa nikashika kabati. Ndoo. Ameisukuma kwa mguu chini ya rafu muda ambao mimi natafuta kijiti cha meno, sina hakika, ila iko pale imejaa, na juu ya maganda kuna kile kikaratasi. Ameandika kwa herufi kubwa: "50.93. PULIZA KILA BAADA YA MATANO. NITAPITA ALHAMISI."