Nimerudi Arusha, viwanda vimebaki vituo vya daladala

Ukipanda gari linaloelekea barabara ya Moshi, konda bado anaita "Philips!" na watu wanashuka. Wengi wao hawajawahi kushika redio iliyoundwa Arusha. Unga Limited nako ni kata nzima, ina baa zake, makanisa yake na misikiti yake, na wanaozaliwa kule leo wala hawaulizi huo unga ulisagwa na nani.

Nimekaa Ujerumani miaka mingi, mjini Hannover, yaliko makao makuu ya kampuni ya matairi ya Continental. Kila nilipoona nembo yao ya farasi nilikumbuka Njiro. Watu wa rika langu wanajua sababu. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, pale Njiro, kilianzishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa ubia wa serikali yetu na General Tire ya Marekani. Continental walipoinunua kampuni hiyo ya Marekani mwaka 1987, hisa za Arusha zikahamia kwao: wao asilimia 26, serikali asilimia 74. Sehemu ya mpira ilitoka kwenye mashamba ya hapa hapa nchini, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero.

Baba mdogo alifanya kazi pale upande wa kuivisha. Tairi bichi linaingia kwenye kalibu, linabanwa kwa joto na mvuke, linatoka na kashata zake na jina lake ubavuni. Alirudi nyumbani na shati la kaki linalonuka mpira, na mtaani alikuwa mtu. Mfanyakazi wa General Tyre alikopeshwa dukani bila kuulizwa maswali.

Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Baadaye serikali ikazinunua hisa za Wajerumani, na tangu hapo habari za kukifufua zinakuja na kuondoka.

Vijiweni jibu la "kwa nini kilikufa" ni fupi: walikula. Sikatai kwamba watu walikula. Ila jibu hilo linatupumzisha mapema mno, maana viwanda vilikufa vingi kwa mpigo, vya wezi na vya waaminifu. Nilipomwamkia baba mdogo na kumuuliza, alianza mbali kabisa, kwenye dola.

"Mwanangu, mpira wa Muheza pekee hautoi tairi. Kuna masizi, kuna nailoni, kuna waya, kuna madawa. Vyote hivyo vinakuja na meli, na meli haitaki shilingi."

Na dola zilikauka vibaya. Mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikafuata, kahawa ikashuka. Katikati ya miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vinatumia chini ya theluthi ya uwezo wao. Mashine zipo, watu wapo, malighafi hakuna. Halafu ikaja ruksa. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, makubaliano na IMF yakatiwa saini mwaka 1986, na bidhaa za nje zikaingia wakati viwanda vyetu vikiwa hoi. Kiltex iliyotupa vitenge ikakutana na mitumba. Ungemwambia mama yupi anunue kitambaa na kumlipa fundi, wakati gauni lililoshonwa tayari limemwagwa chini pale soko la Kilombero, hapa Arusha?

Lakini lililonigusa zaidi ni jambo ambalo baba mdogo alilisema kama la kupita tu. Wateja wao wakubwa walikuwa mashirika ya umma. Malori ya shirika yakihitaji matairi, oda inaandikwa, basi. Mashirika yalipoanza kuuzwa na kufungwa miaka ya 1990, yule mnunuzi wa uhakika akatoweka, na kiwanda kikaanza kugombea mteja mmoja mmoja na tairi za Asia na tairi za mtumba.

Nikaenda kuangalia vilivyo hai nikiwa na hilo kichwani. A to Z, Kisongo, walianza kutengeneza vyandarua vya Olyset mwaka 2003 kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani, dawa ikiwa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe. Wameajiri maelfu, wengi wanawake. Nani ananunua? Si wewe na mimi dukani. Ni wafadhili na serikali, kwa oda kubwa, kupigana na malaria. Sukari ya TPC kule Moshi iliingia mwekezaji kutoka Mauritius mwaka 2000, serikali ikabaki na robo, na uzalishaji ukapaa. Lakini sukari ya nje haiingii nchini bila kibali. TEMDO, taasisi ya serikali iliyoundwa miaka ya 1980 kubuni mitambo, sasa inatengeneza vitanda vya hospitali, na hospitali kubwa kuliko zote nchini, Muhimbili, ni ya serikali.

Kwa hiyo nikisikia "tufufue General Tyre" swali langu si mashine. Mashine zinanunuliwa. Nataka kujua oda ya kwanza inatoka wapi, na ya pili.

Mimi nina jibu langu, na limetugombanisha na baba mdogo. Kiwanda kile kilijengwa nchi ikiwa na malori na Land Rover. Leo simama Sakina dakika chache uhesabu bodaboda. Kila moja inakula tairi, njia zetu zina mawe, na dereva hawezi kuahirisha. Tairi likiwa kipara, trafiki yuko mbele. Mnunuzi huyo hakuwepo mwaka 1969 na leo yupo kila kona. Ningeanza na tairi za pikipiki, pamoja na bushi na mipira ya breki, vitu ambavyo mafundi wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanajua soko lake. Lori lije baadaye.

Baba mdogo hataki hata kusikia. "Tumetengeneza tairi za trekta sisi. Leo unataka turudi kufanya za pikipiki?" Nimemwambia anitafutie wenzake watatu wa kitengo cha kuivisha ambao bado wana nguvu, tukae tupige hesabu. Amesema atawatafuta, lakini hesabu tuanze na za lori.