Kumbukumbu ya mradi wangu: Harlem ya Chester Himes, kitabu baada ya kitabu

Mwezi wa kwanza. Nimejiwekea sharti la kusoma, kwa mpangilio wa kuchapishwa kwake, riwaya 8 za mwandishi Mmarekani mweusi Chester Himes zinazowahusu wapelelezi wawili weusi wa Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, Coffin Ed Johnson na Grave Digger Jones, ambao lakabu zao, yaani Jeneza na Mchimba Kaburi, zinamtahadharisha msomaji kabla hajavuka kizingiti. Nimechora safu nne katika daftari: aliyekufa, aliyemuua, kilichogombaniwa, na thamani yake kwa dola. Kwa kuwa mimi nimelelewa na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mzee wa kiko anayefumbua mafumbo kwa kutulia na kufikiri, nilitarajia kwamba safu ya pili ndiyo itakayonishughulisha zaidi. Wenzangu hawa hawana kiko. Wana bastola ndefu zilizopakwa nikeli, na mara nyingi wanauliza swali baada ya kufyatua.

Kitabu cha kwanza, cha 1957, kinaanza kama kichekesho. Jackson, mfanyakazi wa nyumba ya mazishi, anawakabidhi matapeli dola 1,500, akiba yake yote, ili wamgeuzie noti za 10 ziwe za 100 ndani ya oveni. Jiko linalipuka, fedha zinatoweka, naye anaingiwa na kiwewe hata anamwibia tajiri wake dola 500 nyingine. Ndugu yake pacha huvaa kama mtawa wa kike na kuwauzia wapita njia tiketi za kwenda mbinguni. Nilicheka kwa sauti mpaka nilipofika pale pacha huyo anapochinjwa, na kicheko kikanikwama kooni. Zaidi ya hayo, dhahabu inayogombaniwa kitabuni, iliyowatoa watu roho, inagundulika kuwa ni mawe tu yanayong'aa. Katika safu ya nne nimeandika sifuri.

Hapo nilisimama kwa siku chache ili nimjue mwandishi mwenyewe. Himes alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Missouri, na mwishoni mwa 1928, akiwa na umri wa miaka 19, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa wizi wa kutumia silaha. Alikuwamo katika gereza la Ohio tarehe 21 Aprili 1930, moto ulipowaua wafungwa zaidi ya 300, na humo humo gerezani ndimo alimoanza kuandika. Aliachiwa mwaka 1936, akahamia Ulaya mwaka 1953, na mjini Paris akashawishiwa na Marcel Duhamel, mhariri wa mfululizo wa riwaya za uhalifu ambao Wafaransa waliuita "mweusi", ajaribu hadithi za polisi. Ndiyo kusema kwamba Harlem hii imeandikwa kutoka ng'ambo ya bahari, na mtu aliyeishi New York kwa vipindi tu. Naona umbali huo ulimfaa, kwa sababu hakulazimika kumpendeza mtu yeyote wa mtaa ule.

Mwezi wa pili. Kitabu cha pili kinafunguka kwa mlevi kukatwa mkono kwa shoka ndani ya baa, naye, badala ya kukimbia, anaanza kuutafuta mkono wake ulioanguka na kisu ili aendeleze ugomvi. Hata hivyo, ukurasa ulionikosesha usingizi ni mwingine. Katika kitabu kilichotangulia Coffin Ed alimwagiwa tindikali usoni. Sasa kijana mmoja wa genge, kwa mzaha, anamrushia kimiminika kutoka kwenye chupa, naye anampiga risasi na kumuua papo hapo. Kumbe yalikuwa manukato. Anasimamishwa kazi, na Grave Digger anaendelea peke yake kumtafuta muuaji wa Mzungu aliyekuwa akiwalipa wasichana weusi ili awachape viboko. Anamjua hatimaye aliyemuua, ila hamfikishi mahakamani. Kwa mara ya kwanza safu zangu zilionekana finyu.

Kitabu cha tatu hadi cha sita nilivipitia haraka, tena cha nne hakikukamilika: nakala ya mtumba niliyouziwa ilikuwa imenyofolewa kurasa 16 katikati, na muuzaji aliponijibu alisema kwa upole kwamba hadithi "inaeleweka tu".

Mwezi wa tatu. Katika kitabu cha saba, mhubiri tapeli amekusanya dola 87,000 kutoka kwa familia 87, kila moja ikitoa 1,000, kwa ahadi ya kuwarudisha Afrika. Anayekumbuka kampuni ya meli ya mwaka 1919 ya Marcus Garvey, kiongozi aliyewahimiza weusi wa Marekani warudi Afrika, na wanyonge walioinunulia hisa, ataona Himes anagusa kidonda cha kweli. Fedha hizo zinafichwa ndani ya robota la pamba, na anayenufaika nazo ni mzee mwokota taka, ambaye anaibukia Senegal. Hapa safu ya nne ina tarakimu halisi, kwa kuwa ni jasho la maskini.

Cha nane, cha 1969, nimekimaliza jana. Kimetoka miaka mitano baada ya ghasia za Harlem za 1964, na wapelelezi wamechoka: kila kesi wanayoigusa inazimwa na wakubwa au inapotelea katika fujo. Mwishoni kipofu anafyatua bastola ndani ya treni ya chini ya ardhi, na ghasia zinaanza upya. Safu ya "aliyemuua" imebaki karibu tupu.

Kipo cha tisa, ambacho Himes hakukikamilisha, na ndani yake Grave Digger anamuua mwenzake. Kabla sijakigusa nitarudi kwenye kitabu cha pili, maana yule kijana wa manukato nilimwandika chini ya "bahati mbaya", na sasa sioni kama neno hilo linamstahili.