Mabibo kabla ya vidonge
Msimu wa korosho ndio huu. Kuanzia Newala hadi Nachingwea mabibo yanaozea chini ya mikorosho, huku watu wakinunua vidonge vya vitamini C! Bibo limelizidi chungwa mara kadhaa kwa vitamini hiyo. Okota lililoiva, lisilopasuka, ulile siku hiyohiyo maana halikai. Korosho izungushe kwa mkono itoke, usiing'ate: mafuta ya ganda huunguza midomo. Ukakasi ukikukera, loweka vipande dakika chache kwenye maji yenye chumvi kidogo, kisha kamua. Usichemshe, moto huharibu vitamini C. (Juisi ikidondokea kanzu, ndiyo basi tena.)

Na kama unameza pia vidonge vya zinki kwa ajili ya kinga ya mwili, meza baada ya chakula, vinginevyo kichefuchefu. Mtu mzima asizidishe miligramu 40 kwa siku; zikizidi kwa muda mrefu hupunguza madini ya shaba mwilini, na kinga yenyewe hushuka.