Kuku mgeni

Daftari nililolijaza mjini kabla ya kununua kipande hiki cha ardhi bado ninalo, na jana usiku nililifungua kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikitafuta ukurasa mtupu wa kuandikia tarehe ya kuatamia. Katika ukurasa wa tatu nimeandika, kwa mwandiko wa mtu asiye na shaka hata kidogo, kwamba mitetea 20 wakitaga mayai 12 kila mmoja kwa mizunguko mitatu ya mwaka watanipa mayai 720, na kwamba hata nikikata robo nzima kwa ajili ya mayai viza na mwewe, nitabaki na vifaranga 540. Nilifundisha uwekaji hesabu kwa miaka 19, na hesabu ile haina kosa: kuzidisha ni sahihi na kutoa ni sahihi. Kilichokosekana katika ukurasa huo ni majirani.

Ardhi yenyewe ni ekari nne katika wilaya ya Uyui, upande wa barabara iendayo Urambo, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini Tabora iwapo mvua haijanyesha. Niliinunua mwaka 2022 kwa utaratibu wa kijiji: kikao, muhtasari uliopigwa mhuri, kisha wazee wanne wakatembea nasi mpakani wakionyesha kwa fimbo mahali ambapo minyaa ingepandwa. Sehemu ya juu ni kichanga kinachofaa karanga na viazi vitamu, na ya chini inaangukia mbugani, kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka majaruba ya mpunga mvua zikishakolea. Miembe miwili ilikuwapo tayari, na ndiyo iliyonifanya nikubali bei bila kubishana sana. Mume wangu, ambaye kazi yake ingali mjini, huja mwisho wa juma. Siku nyingine huwa niko mimi na kijana anayenisaidia.

Banda ndilo lililonila muda na akili, na hadi leo nalionea fahari kuliko nyumba yangu mwenyewe. Lina mita tatu kwa nne, limelala kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja, na kuta zake ni za matofali ya kuchoma hadi kiunoni, kisha wavu. Fundi alitumia nguzo za miti iliyokatwa siku ile ile, nami sikumkataza. Baada ya miezi minne mchwa walikuwa wamezila mbili kwa ndani hata ukizigonga zinalia kama debe tupu, hivyo zilizofuata tulizipaka oili chafu na kuzisimamisha juu ya mawe. Sakafuni tumetandaza maranda kutoka kwa maseremala wa mjini, ambayo mara nyingi ni ya mninga, yenye wekundu na harufu nzuri, na wageni hudhani nimefanya hivyo kwa ajili ya urembo.

Kuhusu maji sitasema mengi. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini. Sisi tunategemea kisima kilichochimbwa kwa mkono kando ya mbuga, na ifikapo Septemba mtu huteka dumu moja kisha akaketi kusubiri kisima kijikusanye. Chakula ni pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, pamoja na dagaa waliosagwa mwezi ambao fedha ipo. Vifaranga, kwa upande wao, wanakula maadui wa nguzo zangu. Chungu cha zamani hujazwa mabua makavu na samadi ya ng'ombe iliyoloweshwa kidogo, kikafudikizwa jioni juu ya tundu la mchwa, na asubuhi ukikiinua kimejaa. Hilo sikulisoma popote. Nilifundishwa na jirani yangu, bibi ambaye kitongoji kizima humwita Mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo.

Mayu anaishi upande wa pili wa minyaa yangu, na kuku wake hawana banda. Wakati ule walikuwa kama thelathini hivi. Jua likizama walipanda mmoja mmoja juu ya mwembe wake wakajipanga matawini, na asubuhi walishuka wakatawanyika popote walipotaka, kwangu pakiwamo. Nakiri kwamba niliwatazama kuku wale kwa jicho la mwalimu anayesahihisha madaftari. Nilimweleza Mayu faida za banda, naye akanisikiliza kwa adabu yote, akasema, "Sawa, mwalimu," kisha akaniuliza kama karanga zangu zimeota.

Agosti 2023, banda likiwa tayari, nilikwenda mnadani nikanunua mitetea 14 na majogoo wawili kutoka kwa wauzaji watano tofauti. Niliwachagua kwa maumbo na rangi, kama mtu anayechagua vitenge: jogoo wa kuchi mwenye miguu mirefu, vishingo wawili, weusi, madoa. Waliletwa wakining'inia kwenye usukani wa pikipiki, miguu imefungwa na vichwa viko chini, jambo ambalo leo nisingelikubali. Kesho yake Mayu alikuja kuwaona. Tulisalimiana, akazunguka banda taratibu, akauliza wametoka wapi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Nilicheka. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni na siku zote nilijua inahusu watu, kwamba mgeni hujulikana kwa ugeni wake. Nikadhani ananitania mimi, mhamiaji mwenye banda zuri kuliko nyumba. Haikunipitikia kabisa kwamba mwanamke yule alikuwa akizungumzia kuku.

Kamba ile ina kazi. Kuku mpya akifungwa pembeni kwa wiki mbili, mbali na wenzake, akila chombo chake na kunywa chombo chake, ugonjwa aliokuja nao humtokea hapo hapo alipofungwa, kwa sababu kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoua kwa wingi, hukaa siku chache tu mwilini kabla ya kujionyesha, mara nyingi chini ya wiki moja. Mimi niliwafungulia wote mchana ule ule, mara tu Mayu alipoondoka, kwa kuwa nilitaka kuwaona wakichakura chini ya miembe yangu. Siku ya sita mtetea mmoja alisimama peke yake, manyoya yamemsimama na macho nusu yamefumba. Kesho yake kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Wiki iliyofuata walikuwa wakipinda shingo, wakizunguka mahali pamoja, wakiburuta bawa moja, na kila asubuhi kijana wangu alitoka bandani na ndoo bila kunitazama usoni. Watu wa hapa hukiita kideri mdondo, na ukiona jinsi wanavyodondoka huhitaji kuelezwa zaidi. Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo aliniuzia unga wa antibiotiki wa kuchanganya na maji, nami nikaununua huku nikijua kwamba kideri ni ugonjwa wa virusi na kwamba unga ule haungefanya lolote. Nilikuwa siwezi kukaa bila kununua kitu. Walikufa 13 kati ya 16.

Wa Mayu walianza kufa siku ya tatu baada ya wa kwanza wangu. Alibaki na wanne.

Siwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa ulitoka kwangu. Kilikuwa kiangazi, msimu ambao kideri hupenda kupita vijijini, na kuku wagonjwa huuzwa haraka kabla hawajafa, kwa hiyo huenda kulikuwa na njia nyingine. Lakini mtu aliyefundisha hesabu hawezi kujifanya hajui kusoma tarehe. Kuku wa Mayu walikuwa wakija kwangu kila siku kuokota pumba zilizomwagika, na wagonjwa wangu walikuwa humo humo. Nilibeba sukari kilo mbili nikaenda kumwambia hivyo, na nilikuwa nimeipanga hotuba yangu njiani. Hakuniacha niimalize. Alisema mdondo ulikuwapo kabla yangu na utakuwapo, akanivutia kigoda, tukala ugali kwa mlenda. Kwa desturi ya Unyamwezi mgeni wa namna yangu angechinjiwa, na nadhani sote wawili tuliliona pengo lile katika sahani. Kabla sijaondoka aliniuliza kama yule kuchi amepona. Alikuwa miongoni mwa watatu waliobaki, nikamwambia, naye akafurahi waziwazi, jambo lililoniumiza kuliko lawama yoyote.

Chanjo ipo, na ilikuwapo wakati wote huo. Inaitwa I-2, ilitengenezwa Australia kwa kufikiria vijiji ambavyo havina majokofu, kwa hiyo huvumilia joto kuliko chanjo za kideri za zamani, na kuku hutiwa tone moja jichoni. Nilikwenda kuinunua Oktoba, ugonjwa ulipokuwa umetulia, na nikaipata katika chupa ndogo kuliko kidole gumba changu, kwa bei isiyofikia ya jogoo mmoja. Muuzaji aliniuliza nina kuku wangapi. Nikasema watatu. Akanitazama, akaitazama chupa, akasema ina dozi 200, na kwamba ikishachanganywa haikai.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Dawa ya minyoo unaweza kununua yako peke yako, ukawapa kuku wako, ukafunga mlango wako. Chupa ile haikubali. Ukiinunua kwa ajili ya kuku watatu umemwaga dozi 197, na hata ukizimwaga, kuku wa jirani ambaye hakuchanjwa ataendelea kuulea ugonjwa pembezoni mwa uzio wako mpaka utakapoangua vifaranga. Niliirudisha chupa kwa muuzaji, nikamwomba aniwekee kwenye jokofu lake, nikapanda pikipiki kurudi kijijini nikamwona mwenyekiti wa kitongoji.

Kilichofuata kilichukua wiki mbili na sehemu kubwa ilikuwa maneno. Kaya 11 zilikubali. Tulipatana mchango kwa idadi ya kuku, na wawili walilipa kwa karanga. Mzee mmoja alikataa kwa hoja kwamba chanjo huua, na kwa bahati mbaya kuku wawili wa jirani yake, ambao nina hakika walikuwa wagonjwa tayari, walikufa wiki ile ile, hivyo kwa mwaka mzima tukikutana njiani alikuwa akinisalimu kwa kuniuliza habari za marehemu. Kazi ngumu, hata hivyo, ilikuwa kuwakamata. Kuku anayelala juu ya mwembe hashikiki baada ya jua kutoka, na tuliambiwa na bwana mifugo wa kata kwamba lazima wote wawe wamefungiwa tangu usiku. Usiku ule kitongoji chetu kililala na kuku: jikoni, chini ya matenga, na wengine, naambiwa, chini ya vitanda. Watoto walipanda miembe na tochi mdomoni. Mimi, mwenye banda la mita tatu kwa nne na kuku watatu, nilipokea kuku wa kaya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu lijengwe banda langu lilikuwa na kelele za kutosha.

Chupa ilikuja alfajiri ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Bwana mifugo alituonyesha: mlaze kuku ubavu kwapani, elekeza jicho juu, dondosha, usimwachie mpaka apepese. Jogoo wa kuchi na kifaranga wa wiki moja hupata tone lile lile, jambo ambalo Mayu hakulikubali mpaka aliporudia kuliuliza mara tatu. Tuliwachanja 163. Alishika kila kuku wake kwa mkono wake, wale wanne, akiwataja mmoja mmoja.

Tulikubaliana kurudia kila baada ya miezi mitatu, na Julai hii imekuwa mara ya nane: kaya 17, kuku 412, chupa tatu. Sijasema kwamba tumeshinda. Ndui iliwapata vifaranga wangu mwaka jana, na kicheche aliingia kupitia pembe ya wavu niliyoiahirisha kuitengeneza akaua wanne kwa usiku mmoja, akamla mmoja tu. Nina mitetea 22 leo, wawili zaidi ya wale wa kwenye daftari, na sijawahi kukaribia vifaranga 540.

Mayu bado hana banda na sijamtajia tena. Kuku wake wamefika 26 na jioni hupanda mwembe kama zamani, isipokuwa mmoja, kishingo mwenye rangi ya majivu, ambaye mwezi huu ameamua kutagia kwangu, katika kiota cha pili kutoka mlangoni. Alitaga mayai saba. Niliyatia alama ya mkaa, na alipoanza kuyalalia nikamwongezea matano ya kwangu, kwani saba ni machache kwa kifua kipana namna ile. Nilipompelekea Mayu habari hizo alisema tutagawana vifaranga nusu kwa nusu. Mimi nasema yai lenye mkaa ni lake, hesabu ni nyepesi. Yeye anasema pumba ni zangu, tena jogoo ni wangu, basi ni nani atakayemwona kifaranga akiwa na mkaa? Hatujaafikiana. Jana usiku, siku ya nane, niliyapima kwa tochi na kuandika katika daftari: kumi yana mishipa, mawili hayana kitu, moja lake na moja langu. Zimebaki siku 13.