Siku moja na visanduku vitupu

Saa 2:30 asubuhi. Nimefika ofisini, Bariadi. Faili la Excel la wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) limeshaingia: jina, NIDA (namba ya kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa, kilo za pamba. Safu ya NIDA ina mapengo kibao.

Saa 3:00. Skripti inapeleka data kwenye kanzidata ya PostgreSQL, inagoma kwenye tarehe: maandishi matupu si tarehe. Afadhali igome. MySQL, kanzidata nyingine, isipowekwa kwenye hali kali (strict mode) humeza kimya na kuandika 0000-00-00, halafu utafute mkulima aliyezaliwa mwaka sifuri.

Saa 4:15. Tarehe zimepita, sasa NIDA. Safu hiyo ni UNIQUE, yaani thamani hairuhusiwi kujirudia. Mkulima wa kwanza asiye na namba kaingia na '' (maandishi matupu), wa pili kakataliwa eti namba inajirudia. Na kweli inajirudia: '' na '' ni kitu kimoja. NULL, yaani alama ya thamani isiyojulikana, hazihesabiwi kuwa sawa, hata wakiwa mia wataingia. Dawa ni kukata spesi za pembeni, kisha kugeuza '' kuwa NULL:

NULLIF(TRIM(nida), '')

Usiache TRIM. Kuna visanduku vina spesi tupu, jicho halizioni, kanzidata inaziona.

Saa 5:40. Kilo sizigeuzi kwa kubahatisha. Nampigia karani.

“Shikamoo mzee. Hawa wawili mwishoni, kilo zao ziko wazi. Hawakuuza?”

“Marahaba mwanangu. Wa kwanza kauza, risiti ninayo, sijajaza tu. Huyo mwingine hakulima mwaka huu.”

Basi wa kwanza NULL, wa pili 0. Ukiwa na kilo 600, 300 na NULL, AVG (wastani) inakupa 450, kwa sababu NULL inarukwa. Weka 0 pale, inashuka hadi 300. Bei ya uzembe huo ni ripoti nzima.

Saa 7:00. Ugali na sato.

Saa 9:00. Mwenzangu wa programu analalamika: tarehe ya usajili ina DEFAULT (thamani ya kujijaza yenyewe) lakini inaingia tupu. Natazama INSERT yake (amri ya kuingiza data), anapeleka NULL waziwazi. DEFAULT hufanya kazi safu isipotajwa kabisa, au ukiandika neno DEFAULT lenyewe. Tunaitoa safu kwenye orodha, na kuongeza NOT NULL (marufuku kuingiza NULL) ili siku nyingine ipige kelele.

Saa 10:30. Nawatafuta waliobaki kwa WHERE kilo IS NULL; ukiandika = NULL hupati mtu yeyote. Orodha namtumia mzee kwa WhatsApp. Anajibu kesho ni mnada, risiti nitazipata Jumatatu.