Seymour alihubiri kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hajakipata

Jamani sisi walokole tunapenda sana kuitaja Azusa, ule uamsho wa Kipentekoste wa mwaka 1906 kule Los Angeles, Marekani, kwenye maombi, Bwana tushushie moto kama Azusa, ila ukiuliza nani alisimama pale mbele watu wanaangaliana tu. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nikaanza kumsoma William Seymour, yule mhubiri mweusi aliyeuongoza, sasa siwezi kunyamaza.

Kazaliwa 1870 kule Louisiana, baba na mama wote walishawahi kuwa watumwa. Ukubwani akaenda kaskazini, Indianapolis kafanya kazi ya kuhudumia mezani hotelini, Cincinnati akaugua ndui ikamwachia jicho moja. Wito wa kuhubiri akaupokea hapohapo kwenye maumivu.

Sasa sikia ya Houston. Mapema 1906 mhubiri mweupe Charles Parham alikuwa na darasa la Biblia pale, anafundisha kwamba dalili ya kubatizwa kwa Roho Mtakatifu ni kunena kwa lugha, yaani kusema lugha ambayo hujajifunza, na Seymour anaitaka hiyo kitu kwa moyo wote, lakini ni mweusi na Texas ya wakati ule weusi na weupe hawakai darasa moja, basi akawekwa koridoni, mlango umeachwa wazi kidogo, anasikilizia kutokea huko nje. Nikifika hapa huwa naweka simu chini kwanza. Mtu mzima, mhubiri, na akakaa, akasikiliza, akabeba.

Mwezi wa pili akaitwa Los Angeles kuchunga kanisa dogo, akahubiri Matendo 2:4, pale wanafunzi walipojazwa Roho wakanena kwa lugha, aliporudi akakuta mlango umefungwa kufuli, mafundisho yako hatuyataki. Na hapa ndo penyewe: yeye mwenyewe alikuwa hajanena kwa lugha! Angeweza kunyamaza akatafuta kwingine, yeye akaendelea kuomba na watu wachache majumbani, mpaka tarehe 9 Aprili 1906 kwenye nyumba ya familia ya Asberry mtaa wa Bonnie Brae Roho akashuka, wenzake wakaanza kunena na mwalimu wao bado. Yeye alipokea siku tatu baadaye. Hivi unaweza kufurahia wengine wanapokea ulichokiombea wewe? Mimi naijua hiyo vita.

Watu wakajaa mpaka kibaraza kikaporomoka, wakahamia namba 312 mtaa wa Azusa, jengo lililokuwa kanisa la Wamethodisti weusi halafu likawa ghala na zizi la farasi. Wakafagia, mbao juu ya mapipa ya misumari ndo mabenchi, na mimbari ni masanduku matupu, Seymour anaingiza kichwa humo ndani anaomba huku ibada inaendelea. Weusi, weupe, Wameksiko, wote sakafu moja, wanawake wanahubiri, mwaka 1906! Oktoba Parham akaja, akachukizwa kabisa kuona rangi zimechanganyika vile, akakemea, wazee wakamwambia aondoke. Kwa hiyo yule wa koridoni ndo akawa mchungaji wa mahali ambapo hakuna anayewekwa koridoni, na hilo kwangu ni kubwa kuliko hata lugha zenyewe.

Baadaye yakaja magawanyiko, weupe wengi wakaenda kuanzisha makanisa yao, Azusa ikabaki na kundi dogo. Seymour akafa kwa mshtuko wa moyo 28 Septemba 1922, na mkewe Jennie, ambaye alikuwepo Bonnie Brae tangu siku ile ya kwanza, akaendelea kulichunga hilo kundi dogo.