Nilivyofanikiwa kulisoma jiwe la Aberlemno

Mara ya kwanza nilifika Aberlemno, kijiji cha Uskoti, mwezi wa Novemba. Katikati ya makaburi, kwenye uwanja wa kanisa, nikakuta sanduku la mbao limesimama wima, na jiwe nililolifuata limo ndani. Nilikuwa nimetembea karibu kilomita 10 kutoka mji wa Forfar, mvua ikinipiga usoni. Sikujua kwamba hulifunika kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Machi. Jiwe la mchanga likinyonya maji kisha yakaganda, uso wake hubanduka kidogo kidogo, na nakshi huondoka nao.

Nikarudi Juni, saa saba mchana, jua kali. Safari hii lilikuwa wazi: bamba la mita 2.3 hivi, kazi ya Wapikti, watu waliokaa kaskazini na mashariki ya Uskoti. Lilichongwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita. Msalaba umejitokeza vizuri, lakini ndani yake niliona uvimbe na mashimo tu. Mwanga ulikuwa unalipiga jiwe usoni na kuvifuta vivuli vyote. Nilipiga picha nyingi, na hakuna hata moja iliyonifaa.

Mara ya tatu nilikwenda na mdogo wangu siku za mwisho za Septemba, kabla sanduku halijarudishwa. Tulingoja giza lianze kuingia. Nikampa tochi, nikamwomba asimame ubavuni mwa jiwe na kumulika kwa kulaza, mwanga upite juu ya uso wake kama maji yanavyotambaa sakafuni. Kulishika hapana, wala kusugua chaki au kukwangua ukoga. Ukifanya hivyo unaondoa kile kile ulichokuja kukitazama.

Nakshi ikainuka. Mguu wa msalaba wote ni msokoto, na mimi ule msokoto niliujua. Bibi yangu alinifundisha kusuka ukili nikiwa na miaka saba, nimekaa kando yake barazani: mwaa huu juu, ule chini, usiruke. Basi nikachagua uzi mmoja wa jiwe na kuufuata kwa jicho hivyo hivyo, juu, chini, juu. Niliupoteza mara mbili nikaanza upya. Mara ya tatu haukunitoka. Huyo fundi hakuruka hata mahali pamoja nilipoweza kufuata, na hakuwa na miyaa laini mkononi, alikuwa na jiwe. Nililia kidogo, kusema kweli.

Pembeni mwa msalaba wamo wanyama waliosukana miili, na chini kulia viumbe wawili wenye vichwa vya farasi na mikia ya samaki, wanatazamana.

Tukazunguka nyuma. Huko hakuna msalaba, kuna vita. Juu ziko alama za Kipikti ambazo hakuna anayejua maana yake kwa hakika, na chini yake wapiganaji wamepangwa safu tatu. Wengine wana nywele ndefu, wengine kofia za chuma zenye ulimi unaoshuka kulinda pua. Wengi wamesema ni vita vya mwaka 685, ambapo Mfalme Bridei wa Wapikti alimshinda na kumuua Ecgfrith, mfalme wa Northumbria, ufalme uliokuwa kusini mwao. Lakini jiwe lilichongwa muda mrefu baada ya siku hiyo, na wapo wanaopinga. Mimi napenda zaidi safu ya kati: askari wa miguu watatu wamepangana, wa mbele na upanga na ngao, wa nyuma yake ameshika mkuki mrefu unaompita mwenzake kumfikia mpanda farasi. Mchongaji alijua watu wanavyokingana vitani.

Mdogo wangu akashusha tochi hadi pembe ya chini kulia. Hapo mwenye kofia ya chuma anaanguka, na ndege anamdonoa usoni.

"Dada, njoo uone," akaninong'oneza. "Mdomo wa ndege bado upo."